Kibao cha Barabarani Kilichokwenda Kambini

Kwanza niseme wazi kwamba Armand Ouellette si mtu wa kusifiwa ovyo. Asubuhi ana kisirani, hanywi kahawa iliyopikwa na mtu mwingine, na akikukuta umeegemea koleo atakuuliza kama koleo limekuomba msaada. Nimefanya naye kazi ya barabara miaka kumi na mmoja katika mji wetu mdogo huku Maine, Marekani. Majira ya baridi tunasukuma theluji, majira ya joto tunaziba mashimo iliyoyaacha. Yeye ana miaka kumi na tisa kazini. Sikio lake la kushoto limeliwa na mitambo, kwa hiyo ukiwa na neno la maana mwambie upande wa kulia, na ukitaka kumsengenya simama kushoto.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kibao cha kusimamisha magari. Kina mpini mrefu kunishinda, upande mmoja ni mwekundu umeandikwa Simama, upande wa pili ni wa rangi ya chungwa umeandikwa Polepole. Nikakishika, nikasoma Simama, nikaridhika na nafsi yangu. Lori la magogo likanipita na upepo wake nusura univue kofia. Nilipogeuka nilitukane, nikamwona Armand kule mwisho wa barabara kanyoosha kiganja mbele yake, anakipindua, anakipindua. Alikuwa ananiambia nigeuze. Simama nilikuwa naisoma mimi, dereva alikuwa anasoma Polepole. Kila mgeni wa kibao hufanya kosa hilo, maana mtu hupenda kuyaona mwenyewe maneno anayowaonyesha wengine.

Jioni nikamwambia kwamba kwetu Tanga mkono ukipinduliwa hivyo unageuza chapati. Ijumaa nikawapikia kikosi kizima waone ninachosema. Tangu siku hiyo ishara ile inaitwa chapati, hata na wazee waliozaliwa hapa hapa ambao walikuwa hawajawahi kutia kitu hicho mdomoni. Barabarani mitambo ikishaanza kunguruma hakuna amsikiaye mwenzake, kazi yote ni mikono. Ngumi juu ni simama, kiganja chini ni punguza, na chapati ni geuza kibao we mjinga.

Armand na mkewe Denise wana mtoto mmoja, Corinne, ambaye alizaliwa masikio yake hayana nguvu. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka minane. Alikuwa na mashine mbili za masikio, za rangi ya zambarau, alizozichagua mwenyewe kwa daktari. Akizivaa anasikia mpaka yasiyomhusu. Akizivua anabaki na ngurumo tu, na ndani ya maji lazima azivue.

Sasa, hapa kwetu kuna Kambi ya Misonobari, kwenye Ziwa Tuckett. Mabasi ya njano hubeba watoto asubuhi na kuwarudisha saa kumi jioni, majira yote ya joto. Kila mtoto wa mji huu amepita pale. Armand na Denise walifahamiana pale wakiwa na miaka tisa, siku Armand alipotia chura kwenye kofia ya Denise, na Denise akaivaa hivyo hivyo kumkomoa. Corinne alikulia kwenye hadithi hiyo. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshachagua hata kiti atakachokaa kwenye basi.

Mwezi wa tano Denise akaenda kupeleka fomu, akarudi na habari mbaya. Mkuu wa kambi, Bi Haskell, alikuwa amemwambia ukweli bila kuuzungusha. Watoto wakiwa ziwani, kila baada ya dakika kumi filimbi hupigwa. Kila mtoto hana budi kumshika mwenza wake mkono na kuinua mikono hiyo juu, kabla mlinzi hajahesabu mpaka kumi. Asiyeitikia filimbi hapewi bangili ya buluu, inayomruhusu mtoto kuogelea kilindini. Anapewa nyeupe, anakaa ndani ya kamba, maji ya magotini, pamoja na wa miaka mitano.

"Nina watoto themanini na ziwa lenye maji meusi," Bi Haskell alisema. "Denise, nimekulea hapa. Usinifanye nikuahidi kitu nisichoweza kukilinda."

Armand alipoambiwa alipandwa na hasira, na hasira ya Armand haina kelele. Alitoka akaanza kukata nyasi ambazo alikuwa amezikata jana yake. Alipoingia ndani akasema, "Basi haendi. Atakaa nyumbani, tutamnunulia bwawa la plastiki."

"Bwawa la plastiki!" Denise akamjibu. "Mtoto anaogelea kuliko wewe. Wewe ziwani ulikuwa unashika kamba."

"Nilikuwa nashika kamba kwa sababu ulikuwa unanivuta miguu."

Walidhani Corinne yuko chumbani. Kumbe alikuwa amesimama mlangoni na mashine zake masikioni, na alikuwa ameyasikia yote. Hakulia. Alimtazama baba yake jinsi watoto wanavyotutazama tunapokuwa wazito wa kuelewa.

"Baba, nyinyi kule barabarani mnasikiaje?"

"Hatusikii kitu, mama. Makelele matupu."

"Sasa mbona hamgongwi?"

Armand amenisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara huishia hapo. Kesho yake asubuhi alikuja kazini hata kahawa hajanywa, akamwomba msimamizi wetu kibao chakavu kimoja kutoka stoo, kile kilichopondwa na lori la theluji. Akapewa. Akakinyoosha kwa nyundo, akakipaka rangi upya pande zote mbili, na mchana akaenda nacho kwa Bi Haskell akiwa bado na buti zenye lami. Filimbi ipigwe kama kawaida, alimwambia, ila papo hapo mlinzi ainue kibao. Chungwa maana yake ogelea kwa uangalifu. Nyekundu maana yake shika mwenzako.

Bi Haskell alikitazama kibao, akatazama alama za buti kwenye sakafu yake. "Nileteeni mtoto Jumamosi ya familia," akasema. "Aonyeshe mara tatu. Lakini Armand, nisisikie mzazi akipiga kelele kutoka ufukweni, na ishara za mikono sitaki. Mkimsaidia, nimemaliza."

Zilibaki wiki tatu. Nimeona watu wakiandaa harusi, lakini sijaona nyumba ikiandaliwa kama ile ya Ouellette. Denise alishika kalamu ya wino usiofutika akaandika jina la Corinne kwenye kila kilichokaa kimya: taulo mbili, chupa ya maji, mfuko wa nguo mbichi, chupa ya mafuta ya kuzuia jua, ndala, soksi, hadi chupi. Akaliandika hata kwenye mpini wa kibao, ambacho ni mali ya mji. Msimamizi alipoona akasema kumbe tumeajiri mfanyakazi mpya bila kumwambia. Sandwichi zilifanyiwa majaribio, kwa kuwa siagi ya karanga hairuhusiwi kambini na Corinne tangu alipoota meno hakuwa amekula kingine. Ikapatikana ya bata mzinga, akaikubali kwa masharti.

Armand naye akasema mtoto wa kambini hapekuliwi begi na mama yake. Kila asubuhi Corinne alifungasha mwenyewe na kufungua mwenyewe. Alijifunza kujipaka mafuta nyuma ya masikio, na kujikagua kupe kwenye makwapa na nyuma ya magoti kila alipotoka majanini. Alijifunza kuvua mashine zake, kuzifuta, kuzitia kwenye kikopo na kukipeleka kwa mtu mzima kabla hajagusa maji. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka Denise akawa anapewa kikopo hata akiwa bafuni.

Halafu kibao. Ee, hicho kibao kilitutesa! Armand aliweza kukiinua wakati wowote, mahali popote, na ukiona nyekundu sharti umshike mtu wa karibu mkono na kuuinua juu. Siku moja nilialikwa chakula cha jioni. Nimechota viazi, kijiko kiko njiani, nikaona chuma chekundu kinachomoza mlangoni. Denise akanidaka mkono wa kijiko, viazi vikaenda kwenye pazia.

"Sekunde nne!" Armand akatangaza kwa furaha. "Siwema umezorota. Ingekuwa ziwani ungekuwa chini na samaki."

"Afadhali samaki," nikamwambia, "hawali na kibao mezani."

Corinne alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Kila Jumapili walikwenda mtoni, anavua mashine, anaogelea, na baba yake anasimama kwenye jiwe na kibao. Mara mia, mara mia mbili. Akachoshwa na nyekundu na chungwa, akaanza kudai ishara zote za barabarani, na baba yake akamfundisha zote, pamoja na ile ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Armand aliniambia mtoto ameiva kabisa. Lakini nilimwona yeye mwenyewe ameacha kula mchana, anabeba sandwichi na kurudi nayo, na niliogopa naye. Ikishindikana, majira yale yote Corinne angekaa kwenye maji ya magotini na watoto wa miaka mitano, na ziwa zima lingejua kwa nini.

Jumamosi ya familia nikaenda, nikiwa na chapati kwenye bakuli kwa ajili ya ujasiri wa watu wote. Kulikuwa na jua zuri. Wazazi tuliketi kwenye mabenchi nyuma ya kamba. Mbele yetu gati la mbao liliingia ziwani, na kwenye ncha yake alisimama mlinzi wa waogeleaji, msichana wa chuo aitwaye Paige, ametupa mgongo. Filimbi shingoni, kibao mkononi. Bi Haskell alisimama kando yetu na saa yake, labda ili amwone Armand vizuri kuliko watoto.

Corinne akavua mashine, akafuta, akatia kikoponi, akampa mama yake. Mwenza wake alikuwa Opal, mtoto wa mwalimu, mwenye kofia nyekundu ya kuogelea. Wakaingia majini na watoto wengine thelathini.

Mara ya kwanza, Paige alipiga filimbi na kuinua kibao. Sisi nyuma yake tuliona chungwa, maana yake watoto wanaona nyekundu. Corinne alikuwa ameshamshika Opal kabla Paige hajafika tatu. Denise akaniminya paja. Mara ya pili, vivyo hivyo, ingawa Opal alikuwa anakohoa maji. Armand alikuwa hajaegemea benchi tangu alipoketi.

Kabla ya mara ya tatu Paige aliweka kibao chini ajifunge nywele. Akakiokota. Akapiga filimbi, akakiinua juu, na wote tuliokuwa ufukweni tukasoma neno moja, kubwa, jekundu: Simama.

Wazazi wengine waliona nyekundu wakafurahi. Mama mmoja nyuma yetu akasema, "Kibao kizuri kile, kinaonekana." Mimi na Armand tuliona nyekundu tukatazamana. Tukiisoma sisi tulio nyuma, mtoto hawezi kuisoma. Paige alikuwa ameshika kibao ajisomee mwenyewe, kosa langu la siku ya kwanza, na kule majini Corinne alikuwa anaona chungwa. Ogelea tu. Na alikuwa anaogelea, kichwa chini, anatuacha.

Armand aliinuka nusu. Kiganja chake kilikuwa tayari kimetoka mbele, kinataka kupinduka. Bi Haskell akageuza macho. Nikamvuta shati mpaka nikasikia uzi unakatika.

"Keti," nikamwambia kwenye sikio la kulia. "Utamharibia. Keti!"

Akaketi juu ya mikono yake miwili. Sijawahi kuona mtu akipigana na mikono yake mwenyewe namna ile. "Moja," Paige akahesabu. "Mbili."

Corinne alitoa kichwa kuvuta pumzi na kutazama gati, kama alivyozoeshwa. Aliona chungwa. Kisha akaona watoto wenzake wanakimbiliana, mikono inainuka huku na huku. Alisita pale pale, maji kidevuni. "Tatu. Nne." Watoto wanaonyesha hiki, kibao kinasema kile, na masikio yake yako kwenye kikopo mkononi mwa mama yake. Denise alikuwa ameking'ang'ania kikopo hicho kwa mikono miwili.

"Tano."

Corinne akageuka, akapiga maji mara tatu, akamfikia Opal, akamkamata mkono na kuuinua juu. Ilikuwa sita. Hapo angeweza kutulia, alikuwa ameshafaulu. Lakini yule ni mtoto wa Armand. Akatoa mkono wa pili majini, akaunyoosha kuelekea gati, akapindua kiganja.

Paige akaacha kuhesabu. Hakuelewa. Corinne akapindua tena, kwa nguvu zaidi, uso umekunjamana kwa kero, uso ule ule ninaooneshwa na baba yake kila nikichelewa na koni za barabarani. Chapati. Chapati. Geuza kibao.

Paige akakitazama kibao. Akatazama upande wa pili. Akakigeuza, na sisi nyuma tukaona chungwa, nzuri kuliko chungwa zote nilizowahi kuziona. Kule majini Corinne akaitikia kwa kichwa, kama msimamizi, kisha akashusha mkono.

Nilipiga kigelegele. Naam, nilipiga, na wazazi wa Maine wakageuka kutazama kama kuna aliyeumwa na nyuki. Machozi yalimtiririka Armand waziwazi mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta kwa sababu bado alikuwa ameikalia mikono yake. Mimi nilijivuna kuliko ninavyostahili. Mtoto yule alikuwa amemrekebisha mtu mzima mbele ya mji mzima, kwa ishara niliyoipa jina mimi.

Bi Haskell alishuka hadi ukingoni na bangili ya buluu. Alisubiri Corinne ajifute na kuvaa mashine zake, ndipo akazungumza.

"Kwenye sheria zangu niliandika kwamba mtoto amtii mlinzi," akasema. "Miaka thelathini na mmoja sijaandika chochote kuhusu mtoto kumwamrisha mlinzi. Hiyo ya mkono ni nini?"

"Chapati," Corinne akajibu.

"Maana yake?"

Corinne akamtazama baba yake. Akaiacha sehemu ya mjinga. "Maana yake geuza kibao, tafadhali."

"Basi Jumatatu utawafundisha walinzi wangu wote," Bi Haskell akasema, akamfunga bangili. Paige alikuja mwenyewe kuomba radhi, nikampa chapati mbili na kumwambia asijali, mimi nilikosea mbele ya lori la magogo.

Jumatatu tulikuwa tunatia lami kwenye barabara ya ziwani, upande mmoja umefungwa. Nilikuwa mwisho wa kule, Armand mwisho wa huku, kila mtu na kibao chake na redio kifuani. Nikasimamisha magari ya upande wangu, nikamwambia njia ni yake. Basi la njano likatokea upande wake. Kazi yake ilikuwa kuonyesha chungwa tu lipite polepole.

Basi likasimama. Nikasubiri. Nyuma yake foleni ikaanza kujipanga, lori la maziwa, magari madogo saba, manane.

"Armand," nikasema redioni, "njia ni nyeupe. Mbona basi limesimama?"

Nikakaza macho. Upande wa kibao uliokuwa unanitazama mimi, na kumtazama yeye, ulikuwa wa chungwa. Dereva wa basi alikuwa anaonyeshwa nyekundu. Na Armand alikuwa amesimama pale na kizibao chake cha kung'aa, kichwa kimeinuka kuelekea dirisha la tatu, kile kiti kilichochaguliwa tangu mwezi wa tano. Corinne alikuwa ameweka bangili ya buluu kwenye kioo ili aione.

Kisha Corinne akaona baba yake anavyokishika kibao. Mkono ukatoka dirishani, kiganja kikapinduka. Mtoto wa dirisha lililofuata akamwiga, na wa nyuma yake, hadi upande wote wa basi ukawa unageuza chapati, na dereva naye akaachia usukani mkono mmoja akageuza.

Armand akakigeuza kibao. Basi likampita polepole, naye akaligeukia mpaka likapita kwangu.

Mpaka leo anasema aliteleza, kwamba jua lilikuwa machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwake, na kwa miaka kumi na tisa hajawahi kushika kibao kinyume. Nimeamua nisimbishie. Kikosi kizima kilimcheka wiki nzima, naye kila alipochekwa alijimiminia kikombe cha kahawa niliyopika mimi, akanywa, akasema si mbaya.